Maswali ya Wasomaji: Kuhariri na Kujichapishia Diwani

Toleo lililopita liliwagusia kwa ufupi washairi wanaochapisha diwani, yaani vitabu vya mashairi, kwa fedha zao wenyewe, na tangu hapo barua za wasomaji hazijakoma, nyingi zikitoka papa hapa Nairobi. Nimechagua chache zinazowakilisha zilizobaki. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaacha kwa ombi la walioandika.

*Shikamoo Mwalimu. Nina mashairi 94 katika madaftari, mengi ya arudhi, yaani yenye kufuata kanuni za vina na mizani, niliyoyatunga tangu nikiwa shule ya upili. Rafiki zangu huyasifu sana. Nimeweka akiba kidogo na ningependa kuyatoa yote katika diwani moja, lakini mhariri niliyemwendea alitaja bei iliyonizidi kimo. Je, naweza kuyahariri mwenyewe? Baadhi nimeyatia maneno kama "ndia" na "mato" (yaani njia na macho) ili yawe na ladha ya kale. Naambatisha ubeti mmoja uone kiwango changu.* — Msomaji, Kayole

*Mto umefurika jana, barabara zimejaa,*
*Makanga wanapigana, nauli nazo zapaa,*
*Abiria twasongana, vituoni twazagaa,*
*Wakubwa wanatuona, kimya wamejikalia.*

Marahaba. Sehemu kubwa ya kazi unaweza kuifanya mwenyewe, na ubeti wako unaonyesha kwamba sikio unalo. Hata hivyo, una mazoea mawili matatu ambayo mhariri yeyote angeyaona kabla hajamaliza mshororo wa pili, na ni afadhali uyaone wewe kwanza, bila gharama.

Tuanze na mizani, yaani hesabu ya silabi. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza, wa mshororo wako wa kwanza una mizani tisa, si minane kama vipande vingine vyote: m-to-u-me-fu-ri-ka-ja-na. Nadhani ulihesabu irabu, na kwa kuwa "mto" ina irabu moja ukaipa mizani mmoja. Lakini hiyo "m" husimama peke yake, kama ilivyo katika "mtu", "mke" na "mti", na kama "n" inavyosimama katika "nchi" na "nta". Kwa upande mwingine, "mbingu" ni mizani miwili tu, kwa sababu "mb" hapo hutamkwa kwa pamoja na irabu inayofuata. Maneno ya mkopo nayo yana mitego yake: "labda" ni mizani mitatu na "daktari" ni minne, japo aliyehesabu irabu angepata pungufu. Hesabu kwa ulimi, huku ukigonga meza kwa kidole. Macho hayafai kwa kazi hii.

Marekebisho si magumu. Andika "Mto umefura jana" na mizani itatimia. Zaidi ya hayo, utakuwa umepata faida ambayo hukuitafuta, kwa kuwa mtu naye hufura kwa hasira, na mto uliofura una uhai kuliko mto uliofurika tu. Mara nyingi arudhi ikimbana mtunzi humlazimisha kutafuta neno la pili, na la pili likawa bora kuliko la kwanza, ndiyo maana sipendi kumwona mtu akikimbilia inkisari, yaani kulifupisha neno, kila mizani inapomzidi. Inkisari ni ruhusa ya haki kabisa, na "nendapo" badala ya "niendapo" haimkwazi msomaji yeyote. Lakini ukikata "barabara" ukaacha "bara", hujafupisha neno. Umeleta neno jingine lenye maana yake, na msomaji hana njia ya kujua kwamba hukukusudia hilo.

La pili ni vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande vya mishororo. Kina chako cha kati ni "na", na umekipata mara mbili kwa viarifa vya kutendana, "wanapigana" na "twasongana". Vina vya namna hii havina kosa lolote kwa sheria, ila ni vyepesi mno, kwa sababu karibu kila kitenzi cha Kiswahili ukikinyoosha kitakupa "ana" bila jasho. Msikilizaji akishalisikia hilo mara mbili, huanza kukisia la tatu, na akishaweza kukisia, hasikilizi tena. Jaribu kuweka nomino mahali pamoja. Kwa mfano, mshororo wa tatu ungeweza kuwa:

*Mama kambeba mwana, njiani ameduwaa,*

Hapo mizani ni minane kwa minane (ile "m" ya "kambeba" nayo imehesabiwa), vina vimetulia, na badala ya umati usio na sura, tumemwona mtu mmoja aliyesimama na mtoto mgongoni akiyatazama maji. Silazimishi mshororo wangu uuchukue. Nataka uone jinsi unavyoweza kuutafuta wako.

Kibwagizo "Wakubwa wanatuona, kimya wamejikalia" ni kizuri, lakini kumbuka kwamba kitarudi mwishoni mwa kila ubeti. Pitia shairi lote ukijiuliza kama kinasema jambo kila kinaporudi. Kibwagizo kikigoma kuingia katika ubeti wa saba, huenda ubeti huo ni wa shairi jingine.

Kuhusu "ndia" na "mato", nitasema wazi. Malenga wa Mombasa walipoandika hivyo walikuwa wakiandika Kimvita, lugha ya majumbani mwao. Mtunzi wa Kayole anayeandika "njia" katika ubeti wa kwanza na "ndia" katika wa tatu, kwa sababu tu ya ladha, huwa kama mtu aliyevaa kanzu ya kuazima: kila mtu anaona mabega hayakai. Ama uijue lahaja na uishike tangu mwanzo hadi mwisho, ama uache.

Sasa idadi. Mashairi 94 ni mengi mno kwa diwani ya kwanza, hata kama yote yangekuwa mazuri, na hayawezi kuwa yote mazuri. Hakuna mtunzi aliyejaliwa hivyo. Lenga 40 au 45. Yale ya shule ya upili yaweke kando kwa upendo. Kisha umtafute mtu asiyekuwa rafiki yako, ikiwezekana mwalimu wa Kiswahili au mtu anayeghani, yaani anayesoma mashairi kwa mahadhi, umpe shairi asilowahi kuliona akusomee wewe kwa sauti, nawe ukae kimya na kalamu mkononi. Usimweleze chochote. Kila anapokwama, anaporudia neno, au anapoweka mkazo mahali usipoutarajia, tia alama. Ukijisomea mwenyewe hutayasikia hayo, kwa kuwa sauti yako tayari inajua pa kupita.

Baada ya hapo ndipo umrudie yule mhariri. Usimpe diwani nzima. Mwombe akuharirie mashairi kumi kwa malipo mnayoelewana, uyasome masahihisho yake polepole, kisha uyatumie kama kielelezo cha kuyapitia yaliyobaki. Makosa ya mtunzi mmoja hujirudia, kwa hiyo aliyekuonyesha kumi amekuonyesha karibu yote.

*Mwalimu, naogopa kumpa mpiga chapa faili yangu, na naogopa hata kughani hadharani, nisije nikaibiwa. Je, ni lazima nisajili mashairi kwanza?* — Msomaji, Kariobangi

Si lazima. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki yako huanza pale shairi linapoandikwa au kurekodiwa, na hudumu maisha yako yote pamoja na miaka 50 baada ya kifo. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya hupokea usajili, na cheti chake ni ushahidi mzuri mzozo ukizuka, lakini haki haitokani na cheti. Fahamu pia kwamba kinacholindwa ni maneno yako na mpangilio wake. Wazo la kuandika kuhusu mafuriko au mapenzi ni la kila mtu.

Kwa uzoefu wangu, mshairi anayejichapishia huingia matatani zaidi kwa upande wa pili: amefungua sura kwa mishororo ya wimbo wa msanii aliye hai bila idhini yake, au amerudisha kitabuni shairi ambalo miaka iliyopita alilitoa kwa diwani ya shule na kutia sahihi mkataba ambao hakuusoma. Itafute karatasi hiyo kabla ya kwenda kwa mpiga chapa.

*Kwako Mwalimu. Kuna kampuni iliyosoma mashairi yangu ikasema ni hazina. Wanataka niwalipe shilingi 180,000, nao watahariri, watachapa nakala 500 na kuzisambaza. Nambari ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, itakuwa yao. Mume wangu ananiambia nisubiri. Wewe wasemaje?* — Msomaji, Umoja

Dada, mume wako amesema kweli, na mimi naongeza kwamba usubiri huku ukiuliza maswali. Mchapishaji wa kawaida huwekeza fedha zake kwako na kuzirudisha kwa mauzo. Anayelipwa na mwandishi amekwisha pata faida kabla kitabu kimoja hakijauzwa, kwa hiyo usambazaji hauna haraka tena kwake. Hilo si wizi, na wapo wanaofanya kazi safi kwa utaratibu huo, lakini lazima ujue unanunua nini. Ulizia nani atamiliki faili ya mwisho na jalada, nakala 500 zitakaa kwa nani, na uhariri utafanywa na nani, kisha uombe kuona kurasa mbili za mshairi mwingine walizozihariri, zikiwa na alama za kalamu. Kampuni iliyokuita hazina bila kukukosoa hata kina kimoja, nina shaka kama imekusoma.

ISBN haihitaji wakala. Nchini Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS, na mwandishi anayejichapishia huomba kwa jina lake. Tangu mwaka 2007 nambari hiyo ina tarakimu 13, na za Kenya utazitambua kwa 9966 au 9914 inayofuata baada ya 978. Nambari humtambulisha mchapishaji. Ikiwa ni ya kampuni, basi katika kumbukumbu za maktaba na maduka kampuni ndiyo mchapishaji, na siku mkikosana utahitaji nambari mpya na jalada jipya. Jambo dogo wengi hawaambiwi: toleo la karatasi na toleo la kielektroniki kila moja huhitaji nambari yake.

Nakala 500 pia ni mzigo. Soko kubwa la vitabu katika nchi hii ni shule, na diwani isiyokuwa katika orodha za Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, haibebwi na wimbi hilo. Mwanzoni watakaonunua ni watu wanaokufahamu na watu waliokusikia ukighani. Anza na nakala 100. Tuseme, kwa mfano tu, kila nakala imekugharimu shilingi 200 nawe unaiuza 500. Ukiiuza kwa mkono wako baada ya kughani, mnunuzi akilipa kwa M-Pesa papo hapo, unabaki na 300. Ukiipeleka dukani na duka likakata asilimia 40, linabaki na 200, wewe unarudisha gharama na kubaki na 100, tena baada ya kungoja hadi iuzwe. Nakala ishirini utazigawa bure utake usitake, kwa wazazi, kwa wahakiki, kwa mjomba aliyechanga. Kwa hiyo mauzo ya mkononi ndiyo yatakayolipia diwani hii, na duka ni la kukupa heshima ya kuonekana rafuni. Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, ambayo kwa kawaida hufanyika Sarit Centre, Westlands, mwezi wa Septemba, ni mahali pazuri pa kukutana na wasomaji na wachapishaji kwa pamoja, hata kama huna meza yako.

*Mimi huandika mashairi huru. Watu husema hayo hayana sheria, kwa hiyo hayana cha kuhaririwa. Ni kweli?* — Msomaji, Eastleigh

Si kweli, na ubishi wenyewe ni wa zamani. Kiswahili kimekuwa na diwani za mashairi huru tangu miaka ya 1970, na zilizodumu hazikudumu kwa kukosa nidhamu. Mwenye arudhi akikosea, vina humshtaki. Wewe huna anayekushtaki, kwa hiyo uwe mkali maradufu. Chukua shairi uliandike upya kama aya ya kawaida, mishororo yote imeunganishwa. Likisomeka sawasawa kama insha na hakuna kilichopotea, basi ulikuwa ukikata mistari kwa mazoea. Likianza kukwamakwama, mahali linapokwama ndipo mkato ulikuwa na kazi. Kisha uangalie mishororo miwili ya mwisho. Washairi huru wengi, na nimesoma miswada yao mingi, hulimaliza shairi kisha wakaongeza maelezo ya walichomaanisha. Futa maelezo hayo.

*Mhariri, nina mswada tayari. Nipangeje kurasa kabla sijaenda River Road kuchapa?* — Msomaji, Kawangware

Kabla ya yote, zima kipengele cha kusahihisha maneno katika simu na kompyuta. Programu isiyojua Kiswahili itakugeuzia maneno usiku kucha, na msomaji hatalaumu programu. Andika faili moja, fonti moja, na usipambe kila ukurasa kwa maua.

Ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, unafaa sana ushairi wa arudhi. Mshororo wa mizani 16 huwa na herufi zipatazo arubaini pamoja na nafasi, na kwa herufi za pointi 11 unakaa katika mstari mmoja bila kuvunjika. Ukichagua kitabu cha mfukoni cha A6, mishororo mirefu huenda ikavunjika na neno la mwisho, lenye kina chako, likaangukia mstari wa chini peke yake. Ikiwa lazima uvunje, vunja penye koma, utao, yaani nusu ya pili, ukae chini ya ukwapi, na ufanye hivyo katika kitabu kizima.

Ukurasa wa A5 huchukua beti tano au sita za tarbia (za mishororo minne) pamoja na kichwa. Usikubali ubeti ukatwe, mishororo miwili hapa na miwili ng'ambo ya pili. Shairi la kurasa mbili lianze upande wa kushoto ili msomaji alione lote kwa mara moja. Jumla ya kurasa lazima igawike kwa nne ikiwa kitabu kitabanwa kwa pini katikati. Usipoipanga hivyo, utapata kurasa tupu mwishoni. Diwani nyembamba ibanwe kwa pini bila aibu. Gundi inahitaji mgongo wenye unene, na kitabu chembamba kilichogundishwa huachia kurasa upesi. Kwa ndani karatasi ya gramu 80 inatosha, kwa kuwa nyepesi kuliko hiyo huonyesha maandishi ya upande wa pili, na katika ushairi, penye nafasi nyeupe nyingi, kasoro hiyo huonekana zaidi kuliko katika riwaya.

Kwa nakala 100, tafuta mwenye mashine ya dijitali. Mitambo mikubwa ya Industrial Area huanza kuwa nafuu unapochapa mamia mengi, kwa sababu gharama ya kuandaa sahani za chapa ni ileile uchape kumi au elfu. Popote uendapo, dai prufu ya karatasi, nakala moja kamili yenye jalada, na ukae nayo siku kadhaa nyumbani. Usiisome dirishani pa mpiga chapa huku foleni ikikusukuma. Isome kuanzia shairi la mwisho kurudi la kwanza, kwani wengi wetu huchoka katikati ya kitabu, na makosa hujificha nyuma. Andika tarehe na sahihi kwenye prufu uliyoikubali.

*Nimeshachapa nakala 100, nimeuza 30, na sasa nimeona kina kimeharibika ukurasa wa 31: mpanga kurasa aliandika "moyo" badala ya "roho". Nizichome zilizobaki?* — Msomaji, Lang'ata

Usizichome. Chapa vikaratasi vya masahihisho, vinavyotaja ukurasa, ubeti, mshororo na neno sahihi, uviweke ndani ya jalada la nakala 70 zilizobaki. Waliokwisha nunua, ambao bila shaka namba zao unazo katika ujumbe wa M-Pesa, uwatumie masahihisho kwa ujumbe mfupi. Wengi watafurahi kuona unawajali na watauliza diwani ya pili itatoka lini. Faili yenyewe irekebishe leo, kabla hujasahau, na uhifadhi nakala yake nje ya kompyuta ya mpiga chapa. Kurekebisha neno moja unapochapa tena hakuhitaji ISBN mpya. Utaihitaji ukiongeza au kupunguza mashairi kiasi cha kukifanya kitabu kuwa toleo jingine. Na kama hujapeleka nakala kwa msajili kama inavyotakiwa na Sheria ya Vitabu na Magazeti, wala KNLS waliokupa nambari, zipeleke sasa pamoja na kikaratasi chake ndani.